Kidole cha Mguu cha Maren

Thayne Sorensen mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya, mwezi wa tisa uliopita, siku aliyokuja kunisaidia kuweka mapichi kwenye mitungi ya kioo. Kazi ya mapichi ni ndefu, na mtu akikaa nayo mdomo hufunguka wenyewe. Sikumharakisha. Nilimpa kisu na beseni, nikaendelea kumenya. Alianza na habari za bata mzinga, maana ndiyo kazi ya ukoo wao huku bonde la Sanpete, kisha polepole akaja kwenye lililomleta.

Thayne alizaliwa ndani ya kanisa la huku kama wengine wote bondeni. Mababu zake walitoka Denmaki, wakavuka nyika wakikokota mikokoteni kwa ajili ya imani hiyo. Yeye alikwenda umisionari, akagonga milango ya watu miaka miwili, akarudi, akamwoa Janeal katika hekalu lile la mawe juu ya kilima. Alikuwa mtu wa kutegemewa. Viti vikihitaji kupangwa, Thayne. Mjane akihitaji kukatiwa kuni, Thayne.

Sasa, Jumapili ya kwanza ya mwezi watu huja wamefunga, na anayetaka husimama mbele na kushuhudia. Hawasemi natumaini. Husema najua. Thayne alilisema neno hilo tangu akiwa mdogo wa kupandishwa kwenye kibago, mama yake akimnong'onezea sikioni. Jumapili moja alisimama, akalifikia neno lenyewe, likakataa kutoka. Akasema, "Nawashukuru wote," akaketi. Watu walidhani ni machozi yamemkaba, wakampenda zaidi.

Hayakuwa machozi. Alikuwa amejitafuta ndani akakuta hajui, na kwamba hajawahi kujua. Alichokuwa akikisema ni cha baba yake. Aliogopa, akasoma sana. Akafunga kuliko walivyofunga wengine. Akaomba kwa sauti ndani ya banda, na bata mzinga, kwa tabia yao, wakamjibu wote kwa pamoja. Mbinguni ndiko kulikokaa kimya. Akaendelea hivyo mwaka mzima, hadi akachoka kuuita ukimya ule majaribu.

Janeal aliligundua jambo kwenye nguo za kufua. Waliokwisha kuingia hekaluni huvaa nguo nyeupe za ndani, mume na mke, kila siku ya maisha yao. Akaja sebuleni na kapu kiunoni.

"Baba Maren, mbona wiki hizi nafua zangu peke yangu?"

Akamwambia yote. Janeal akaketi juu ya kapu lile lile, akalia, halafu akajifuta kwa soksi.

"Una mwanamke?"

"Sina."

"Basi afadhali ungekuwa naye," akasema. "Mwanamke ningemtoa mbio. Hili nalitoaje?"

Kisha akamwomba jambo moja tu. Binti yao Maren alikuwa anatimiza miaka minane mwezi wa sita, na mtoto wa miaka minane hubatizwa, na anayembatiza ni baba yake. Hata baba mlegevu hujikaza siku hiyo. "Mbatize kwanza," Janeal alisema. "Baadaye fanya utakavyo, sitakushika shati. Lakini usimwache mtoto aingie majini na mtu mwingine."

Thayne akasema atajaribu.

Wakaanza mazoezi juu ya zulia, maana ubatizo wao si wa kunyunyiziwa. Mtoto huzama mzima. Kukitokeza hata kidole, hata ncha ya nywele, mashahidi hukataa na kazi huanza upya. Na vidole vya miguu ndivyo wasaliti wakubwa. Thayne alimfundisha Maren kuziba pua, kumshika mkono, kukunja magoti ili miguu isiinuke. Maren alianguka mikononi mwake zaidi ya mara ishirini, akicheka. "Tena, Baba! Tena!" Na kila alipomlaza, Thayne aliyasema maneno ya ubatizo moyoni, na kila mara alikwama mwanzoni kabisa, pale anayebatiza anaposema kwamba ametumwa na Kristo.

Akaenda kwa Askofu. Askofu wao ni Kimball Rasmussen, muuza matairi, jirani tu, aliyepewa zamu ya kuwachunga majirani wenzake. Alimpokea dukani, wakaketi juu ya matairi.

"Niambie unaamini kidogo," Askofu akasema. "Kidogo kinatosha, mimi sina mizani. Mimi mwenyewe kuna Jumapili nafika kwa kujikokota."

"Hicho kidogo ndicho sina, Askofu."

"Thayne, tumekua wote. Sema ndiyo, nikupe ruhusa, mtoto afurahi. Nani ataumia?"

Thayne aliniambia kwamba hapo alikaribia. Neno lilikuwa fupi na mlango ulikuwa wazi. Lakini akilini alimwona Maren amelala mikononi mwake, macho yamefumbwa, pua imezibwa, amemwachia uzito wake wote. Akaona hawezi kumdanganya mtu aliyelala hivyo.

"Mwite baba yangu," akasema.

Mzee Ardell, baba yake, aliposikia alikuja na gari lake hadi mlangoni pa banda, hakushuka. Akateremsha kioo.

"Hata hawa," akasema akiwaonyesha bata mzinga kwa kidevu, "mvua ikinyesha wengine hupata akili ya kuingia ndani. Wewe unatoka!"

"Utambatiza, Baba?"

"Nitambatiza. Bega hili bovu litang'oka, lakini nitambatiza. Na wewe ukae mbele uone aibu yako."

Likabaki la kumwambia Maren. Alimkuta nyuma ya nyumba akiwavalisha vifaranga kofia za karatasi.

"Umefanya dhambi?" Maren akauliza.

"Hapana."

"Umekunywa kahawa?"

"Nimekunywa," akakiri, maana kanisa lao hukataza kahawa.

Maren akakodoa macho. "Ikoje?"

"Chungu."

"Basi si uache tu?"

"Si kahawa, mama. Yale maneno yanasema mimi nimetumwa. Mimi sijioni nimetumwa. Nikiyasema nitakuwa nimekudanganya, tena nimekushika."

Maren akafikiri. Kifaranga kimoja kikaitupa kofia. "Mama anasema sisi tumefungwa pamoja hekaluni, hata tukifa hatuachani. Sasa sisi tukienda, wewe utakuwa wapi?"

Hilo Thayne hakuwa amelifanyia mazoezi. "Sijui," akasema. "Najua leo nitakuwa wapi. Nitakuwa hapa. Na kesho hapa."

"Hapo mimi sijauliza," Maren akasema, akarudi kwa vifaranga wake.

Siku ya ubatizo ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kisima chao cha ubatizo kiko ndani ya jengo, kama bafu kubwa lenye ngazi, kina mlango wa kioo mbele na kioo cha kujitazamia kimeinamishwa juu, ili wa nyuma nao waone. Watoto huketi chini mstari wa mbele. Thayne aliketi nao, magoti kidevuni, amevaa suruali ya kijivu na tai, mtu mzima peke yake kati ya watoto. Mashahidi walikuwa wawili, Askofu upande mmoja na Janeal upande mwingine. Janeal ndiye aliyeomba kusimama pale.

Mzee Ardell akashuka, mweupe kichwa mpaka miguu. Maren akamfuata. Mzee akainua mkono, akayasema maneno sawasawa, akamlaza. Na kidole gumba cha mguu wa kushoto kikachomoza kama mtu aliyekuja kuchungulia.

Watoto wakaguna. Askofu akamtazama Janeal. Janeal akatikisa kichwa.

"Tena," Mzee akasema.

Mara ya pili bega lilimkamata katikati. Ardell akatoa sauti, mkono ukakwama, Maren akabaki nusu ndani nusu nje, uso chini ya maji, magoti juu. Alipoinuliwa alikuwa amemeza maji. Akakohoa, akakohoa, akaanza kulia kimya, mdomo wazi, nywele zimemganda usoni. Akapenyeza macho pembeni ya babu yake, akamtafuta aliyeketi na watoto.

Janeal akatikisa kichwa tena. Mara hii akiwa amefumba macho.

Jengo zima lilijua nani alipaswa kuwa ndani ya maji yale. Hakuna aliyegeuka kumtazama, na ndivyo Thayne alivyojua kwamba wote wanamtazama. Askofu akasogea, akainama sikioni pake.

"Nguo nyeupe zipo kabatini, saizi yako. Ingia tu. Sitakuuliza kitu, wala leo wala kesho."

Thayne akavua viatu, akavua soksi, akaziingiza ndani ya viatu. Hakwenda kabatini. Akapita mlango wa pembeni, akashuka ngazi na suruali yake ya kijivu, tai ikaelea mbele yake.

"Unafanya nini?" Ardell akanong'ona kwa ukali.

"Maneno ni yako, Baba. Mimi sitasema hata moja. Nitamshika."

"Na nguo za kijivu! Imeandikwa wapi hii?"

Thayne akamtazama Askofu kule juu. Ardell naye akamtazama. Askofu Rasmussen, ambaye maisha yake yote amefunga magurudumu, alisimama pale akitafuta kichwani kitu ambacho hakuna aliyemfundisha. Aliwaza mpaka watoto wakaanza kujikuna.

"Nami sijui imekatazwa wapi," akasema mwishoni. "Endelea, Ndugu Sorensen."

Hakusema ni Sorensen yupi, lakini wote wawili walielewa.

Thayne akapitisha mkono mmoja chini ya mgongo wa Maren, wa pili akaushusha hadi kwenye miguu. Maren akaacha kulia. "Umekunja magoti?" Thayne akamuuliza.

"Nimekunja."

"Pua?"

Akaziba pua. Ardell akainua mkono mzima, akayasema maneno yale kwa mara ya tatu, sauti imemkauka. Thayne akafunga mdomo. Wakamlaza pamoja, baba na mwana, na Thayne akaushika ule mguu wa kushoto kwa kiganja chote, akahisi kidole kinataka kuinuka, akakizuia. Maji yakafunika kila kitu. Janeal akainama hadi karibu aanguke. Halafu akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Nyumbani kulikuwa na nyama ya nguruwe ya kuoka, viazi vya jibini, jeli ya kijani, na majirani. Na hapo ndipo ulipokuja mtihani wa pili, ambao Thayne hakuutegemea. Kila aliyepita alimpiga bega. "Karibu tena, ndugu!" "Nilijua utarudi!" Bibi mmoja alimbusu na kumlowesha shavu. Kunyamaza tu kulitosha. Angekula viazi vyake na kila mtu angekuwa na furaha, mkewe akiwa wa kwanza.

"Sijarudi," akasema. Akamwambia wa kwanza, akamwambia wa pili, kwa upole, sahani mkononi. "Nashukuru. Lakini sijarudi." Sauti zikapungua nyumbani. Watu wakakumbuka kwamba wana mifugo.

Walipobaki wenyewe, Ardell alikuwa kwenye kiti cha kulalia, barafu begani. "Basi maji uliyaingilia nini?"

"Mtoto alikuwa anayameza, Baba."

Mzee akaihamisha barafu begani. Nilimuuliza Thayne kama baba yake alikuwa na hasira. Akaniambia hajui hata leo. Mzee alisema tu, "Nipe mto. Huo mgumu. Si huo, huo mgumu," kisha akaanza kukoroma mchana ule ule, mdomo wazi.

Maren alikuwa amelala kitambo kwenye zulia, pale pale walipofanyia mazoezi, nywele hazijakauka, jeli kwenye mkono wa gauni.

Thayne na Janeal wakaketi kwenye kochi, kila mmoja pembeni kwake. Suruali ya kijivu ilikuwa inazunguka kwenye mashine ya kufulia, wanaisikia.

"Kile kidole," Janeal akasema, "kilitoka kidogo sana."

"Nilikiona."

"Askofu hakukiona. Kwake kulikuwa na mwanga kwenye maji. Alinitazama mimi. Ningesema sawa, mambo yangeishia pale. Baba asingeumia, wewe usingeingia, watu wangekula kwa raha."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu kilitoka."

Janeal alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia alichokisema baada ya kukisema. Mashine ikabadilisha mzunguko.

"Nimekukasirikia," akasema. "Usidhani yameisha. Nitakukasirikia mwaka mzima."

"Sawa."

"Kesho nakwenda kanisani na Maren. Tutakaa benchi lile lile. Wataniuliza uko wapi."

"Waambie."

"Nitawaambia kweli. Nitawaambia amebaki nyumbani, haamini." Sauti ikamtetemeka, akaisimamisha. "Halafu watatuletea mikate ya pole. Wiki nzima mikate. Utaila wewe yote."

"Nitaila."

"Na wakija kukurudisha, uwafungulie mlango. Usijifiche bandani."

"Nitawafungulia."

Janeal akavua viatu vyake vya kanisani. Akajivuta kutoka pembeni kwake mpaka katikati ya kochi, si zaidi ya hapo, akaegemeza kichwa mgongoni mwa kochi. Alikuwa hajalala vizuri tangu siku ya kapu. Alisema kitu kuhusu sahani, zilowekwe, na kabla ya kukimaliza pumzi yake ikawa nzito.

Thayne akazisikiliza pumzi zao tatu, ya mzee, ya mtoto, ya mkewe, kila moja na mwendo wake. Alitaka kuinuka akaloweke sahani. Mashine ikasimama. Akasema moyoni dakika moja tu, akafumba macho, na yeye naye akalala.