Shamba Lililolimwa

Mzee Halidi alikwisha apa kwamba serikali haitakula tena tonge la kwake. Mkewe, Mwamvita, alikata roho kwenye benchi la zahanati, huku gari la wagonjwa limeegeshwa uani, halina mafuta. Wiki hiyohiyo wakubwa walipita barabara ya Morogoro na ving'ora vyao, magari kumi na tano, yote yana mafuta. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba akiuza shamba lake la Kisarawe atatozwa kodi ya faida, alitema mate.

Shamba ndilo pekee alilobakiwa nalo. Kibaha alilala chumba cha uani kwa binti yake Raudha, na mkwewe alikwisha anza kuuliza mbele za watu, "Hivi mzee anakaa mpaka lini?" Mnunuzi alikuwepo, Vicent, mfanyakazi wa kiwanda kimoja Zegereni. Hela ya Vicent ingeinua vyumba viwili kule Gwata, mzee afie chini ya bati lake. Kodi ingeezua chumba kimoja.

"Baba, usifiche kitu," Petronila wa dirisha la kodi alimwambia. "Njia ya halali ipo. Shamba dogo kama lako, likiwa limelimwa miaka miwili kati ya hii mitatu iliyopita, faida yake haitozwi. Niletee barua ya kijiji inayosema limelimwa."

"Limelimwa, mwanangu! Halijalala hata msimu mmoja."

Alisema kweli. Ila hakulilima yeye. Baada ya msiba alimwazima jirani, Salehe, kama watu wa kule walivyoazimana tangu zamani, kwa mdomo na kilo mbili za sukari. Aliyeazimwa hupanda mihogo, hupanda kunde. Mti hapandi. Mti ni wa mwenye ardhi, na hilo hata mtoto wa Kisarawe hahitaji kufundishwa.

Kesho yake alifika shambani. Palikuwa pasafi mno, hata jani kavu hukuti. Katikati ya mihogo, kwa mistari iliyonyooka kama imepigwa kamba, ilisimama miche ya mikorosho, imefika magotini.

"Shikamoo, Mzee Halidi!" Salehe alikuja anacheka, jembe begani. "Tulidhani Kibaha imekumeza."

"Marahaba. Salehe, hii nini?"

"Hiyo? Vivuli tu, mzee wangu. Jua kali."

Mzee alijua vivuli havipandwi kwa kamba. Ila hakugomba, maana alimhitaji Salehe ashuhudie kwenye ile barua. Wakafuatana mpaka ofisi ya mtendaji wa kijiji, Salehe mbele, anapiga mluzi. Yule bwana, Silvanus, hata hakuuliza wamefuata nini. Karatasi ilikwisha kaa mezani.

"Andika shamba limelimwa," alisema Halidi.

"Limelimwa na nani? Siwezi kuandika shamba limejilima, mzee." Silvanus akacheka peke yake. Akaandika, akasoma kwa sauti: "Shamba hili limelimwa na Salehe, miaka mitatu mfululizo, mihogo na mikorosho."

"Ongeza kwamba nilimwazima."

Silvanus alimtazama Salehe. Salehe alitazama dari.

"Mambo ya kuazimana mimi siyajui," Salehe alisema polepole. "Neno hilo likiingia, mimi sisaini. Mzee alipe tu kodi yake, si ya taifa? Itanunua mafuta ya gari la wagonjwa."

Hapo ndipo alipopigwa pabaya. Halidi aliiona hatari, tusimsingizie upofu. Aliiona imekaa pale mezani kama nyoka aliyeshiba. Angeweza kuinuka, akalipa, akauza. Lakini alimwona Mwamvita kwenye benchi, akawaona wale wa ving'ora wanapokea mabati yake.

"Lete kalamu," alisema.

Aliandika jina lake kwa herufi za darasa la tatu. Salehe akatia sahihi, Silvanus akagonga muhuri, kisha Salehe akaomba nakala. "Ya kumbukumbu tu, mzee wangu."

Kibaha, Petronila aliisoma barua mara mbili, akamrudishia. "Hapa kodi hakuna, baba. Uza kwa amani." Halidi alirudi nyumbani anatembea kifua mbele. Kwa mara moja tu amewashinda, tena kwa sheria yao wenyewe!

Siku ya tatu Vicent alikwenda kupima mipaka. Jioni akapiga simu. "Mzee, wewe unauza shamba au unauza kesi? Huku kuna mtu ana karatasi yake. Hela yangu inabaki kwangu."

Asubuhi Halidi alikuwa Kisarawe. Vijana wanne wa kibarua walikuwa wanachimba mashimo mapya ya mikorosho, mpaka mwisho wa mpaka. Salehe akamjia, safari hii bila shikamoo.

"Karibu, Mzee Halidi. Umekuja kututembelea?"

"Shamba langu na Mwamvita hili! Ng'oa miti yako!"

"Mimi nina karatasi, ina muhuri wa kijiji, na ina jina lako. Twende baraza la ardhi. Njoo na ya kwako."

Halidi aliingiza mkono mfukoni, akaitoa ya kwake, akaikunjua. Ilikuwa ileile, neno kwa neno. Nyuma ya Salehe wale vijana waliendelea kuchimba.