Ngiri ya Veronika

Veronika alikuwa na mimba ya siku za mwisho kabisa, na kompyuta mpya ya hospitali ilisema ameshapasuliwa ngiri na anaendelea vizuri.

"Ngiri?" aliuliza, akilishika tumbo kwa mikono miwili, maana mmoja haukutosha. "Nimekuja kupangiwa operesheni ya uzazi. Mtoto wa kwanza walinipasua. Sista kasema nikisukumia nyumbani nitakufa."

"Operesheni yako imeshafanyika, mama," alijibu Mansuri, mtoto wa mwenye duka wa Mbugani, aliyerudi kutoka Dar na cheti cha kompyuta na tai shingoni, katika joto lile la Kyela. "Mashine haipangi mtu mara mbili."

Kosa lilikuwa lake, lakini nani amwambie mtu mwenye tai? Wafadhili walimtaka aunganishe kumbukumbu za wagonjwa wa misheni na za wilaya. Wilaya ilimpa kila mgonjwa namba yake. Misheni, kwa kubana matumizi, ilitoa namba moja kwa nyumba nzima. Mansuri akaiambia mashine: namba moja, mtu mmoja. Nyumba nzima ya wakwe zake kule Ngonga ikageuka Veronika.

"Haya, nani kwenu ana ngiri? Mtaje nimtoe kwako."

"Baba yake mume wangu."

"Jina?"

Veronika akafunga mdomo. Mke wa Kinyakyusa hamtaji baba mkwe, wala hakutani naye uso kwa uso. Akimwona njiani, huyeyukia migombani.

"Basi mumeo anaitwa nani?"

"Eliya."

"Eliya nani?"

Akafunga mdomo tena, maana jina la pili la mume lilikuwa la mzee yuleyule.

"Mama, mashine haimtoi mtu bila jina!"

"Basi mashine yako haina adabu," alisema Veronika, machozi yakimlengalenga. Aliogopa kweli. Mume alikuwa Mbeya na mchele wake, na tumbo lilikuwa limeshashuka.

Mara kelele zikazuka nje. Mzee mmoja alikuja kutolewa nyuzi. Muuguzi akatazama kompyuta, akampeleka foleni ya wajawazito.

"Mimba si yangu!" mzee alinguruma. "Yangu ni ngiri!"

Akina mama walicheka hadi wakashika mbavu. Veronika aliitambua sauti ile. Akajifunika kanga gubigubi, akajibanza nyuma ya kabati, nalo likafaulu kumficha nusu.

"Asiingie! Jamani, asiingie!"

Mzee naye akamsikia. Akaruka nyuma kama aliyekanyaga siafu, akaenda kusimama nje ya dirisha, mgongo ukutani.

"Kijana! Mimi ni Ambilikile. Niandike, unitoe humo. Na huyo aliye ndani mpangie upesi. Safari ile mtoto alikaa kiubavu, wakachelewa kumpasua. Nilikuwapo. Mchana kutwa nilisimama nyuma ya ukuta wa misheni, namsikia analia, na kuingia siwezi."



Veronika hakuwahi kuambiwa. Siku zote alidhani mzee yule hata hajui kama ana kovu. Moyo ukamjaa, na kumjibu ni mwiko.

Mansuri akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Ngiri imetoka. Wewe ni kesho asubuhi, mama."

"Ndaga fijo," Veronika alishukuru kwa lugha ya kwao, kwa sauti kubwa, uso wake ndani ya kanga umeelekea dirishani. "Ndaga fijo, tata." Asante sana, baba.

"Usijali, mama," alisema Mansuri, akinyoosha tai. "Ndiyo kazi yetu."

"Nyamaza, wewe," ilisema sauti ya nje. "Hakukushukuru wewe."