Kipande cha Mgeni

Hadi Jumamosi ile ya mwezi wa saba, Chepkirui alikuwa amecheza mchezo wa paka na blanketi peke yake mara arobaini na moja, na mara zote arobaini na moja alikuwa ameshindwa. Hakuona haya kwa hilo, maana hakuna aliyemwona. Alichezea mezani kwake, katika nyumba ya chumba kimoja na jiko mtaani Pioneer, pazia limefungwa nusu ili jirani asije akauliza mwalimu wa chekechea anafanya nini na vipande vya kadibodi siku ya mapumziko.

Leo alikuwa ameamua kushinda, tena kabla ya saa kumi. Saa kumi shangazi yake, Jepkosgei, angefika kutoka Cheptiret kuchukua blanketi la Kogo, na Chepkirui alikuwa amejiwekea sharti: nikiwaweza paka hawa, nitaweza kumwambia Anti kwamba blanketi haliendi popote.

Lilikuwa sharti la kitoto na alijua. Lakini njia za watu wazima alikuwa ameshazijaribu. Jumanne, shangazi alipopiga simu, alikuwa amejiandaa kukataa, maneno ameyapanga kabisa kichwani, na bado mdomo wake ukatoa "Sawa, Anti" kabla yeye mwenyewe hajaupa ruhusa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Binamu yake Diana, binti wa huyo shangazi, alikuwa anaolewa. Kesho Jumapili wakwe wangefika Cheptiret, na mama mkwe angefunikwa blanketi mabegani mbele ya watu wote, huku akina mama wakiimba. Blanketi la dukani lingetosha. Ila Shangazi Jepkosgei alilitaka la Kogo, lile la viraka. Wakwe walikuwa watu wenye vitu vyao, alisema. Blanketi jipya wangelikunja na kuliweka juu ya mengine. La viraka wangelikumbuka.

Kogo ndivyo walivyomwita nyanya yao, mama yake Jepkosgei. Alilishona blanketi lile kwa mkono huko Moiben, miaka ile babu alipofanya kazi kwenye kiwanda cha nguo mjini na kurudi nyumbani na magunia ya vitambaa vilivyokatika. Aliendelea nalo hata babu alipostaafu, maana magunia hayakuisha, na humo alichanganya pia nguo kuukuu za watoto wake. Alikuwa na utaratibu wake. Shule zikifungwa aliwaita wajukuu, akavimwaga vitambaa kwenye nyasi nyuma ya ghala la mahindi, na kila mtoto akachagua kimoja kishonwe kwa jina lake. Wenzake walipigania vyekundu. Chepkirui alisubiri wamalize. Kila likizo alibaki na cha kijivu, kile cha ndani ya mifuko ya suruali. Viko vya kijivu saba kwenye blanketi lile, na vyote saba ni vyake.

Mwaka jana, miezi miwili kabla ya kufariki, Kogo alimwekea blanketi hilo mikononi, jikoni, Shangazi Jepkosgei akiwa amesimama pale pale na sufuria ya maziwa.

"Hili ni la huyu," Kogo alisema. "Hajawahi kuchukua kitu hapa."

Saa nane na nusu Chepkirui aliandaa meza. Mchezo ulikuwa wa Waiyego, rafiki aliyekaa naye chumba kimoja chuoni, ambaye sasa alikuwa muuguzi Ujerumani. Alipoondoka alimwachia boksi zima. Ndani yake mlikuwa na ubao wenye umbo la kitanda, mfuko wa vipande vya pembe sita, na paka watatu wa mbao. Kila kipande kina rangi yake na mchoro wake: mistari, maua, madoa, majani. Unavipanga ubaoni mpaka blanketi lijae. Rangi tatu za aina moja zikigusana unapata kifungo. Michoro ikipangwa anavyopenda paka fulani, paka huyo anakuja kulala juu yake, na hapo ndipo kwenye alama nyingi. Waiyego ndiye aliyewapa majina. Mvivu alikuja kwa majani matatu tu. Madam alitaka maua manne. Chifu, yule mnene mwenye sikio lililokatika, hakukanyaga blanketi lisilo na mistari mitano iliyoshikana.

Chifu hakuwa amewahi kulala kwa Chepkirui, na bila yeye alama za kushinda hazikutimia.

Alikuwa ameweka vipande sita simu ilipolia. Ni Waiyego, kwa video, ametoka zamu, nywele zimefungwa kitambaa.

"Wee Chep, bado uko na hao paka?"

"Niko nao. Leo namtaka Chifu."

"Kwani Chifu hajawahi kuja kwako?"

"Hata siku moja."

Waiyego alikunja uso. "Haiwezekani. Mimi hata nikiwa na usingizi anakuja. Hebu cheza nikuone."

Chepkirui aliegemeza simu kwenye chupa ya chai. Katikati ya meza kulikuwa na vipande vitatu vilivyofunuliwa: mistari ya njano, maua ya buluu, madoa ya zambarau. Aliinua ule mstari wa njano, akautazama kidogo kama mtu anayeaga, akauweka pembeni kwenye rundo la vilivyotoka. Halafu akachukua maua.

"Simama hapo," Waiyego alisema. "Hapo umefanya nini?"

"Nimempa mgeni."

"Mgeni gani?"

"Si uliniambia nikicheza peke yangu nijifanye kuna mgeni, na kila raundi mgeni achukue kipande kimoja?"

"Nilisema. Lakini umempa kile ulichokuwa unakitaka wewe."

"Sasa mgeni nimpe kipi, Waiyego? Kibaya?"

Waiyego aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika kwa kicheko, na kwa muda simu ilionyesha kitambaa cha kichwa tu. Aliporudi alikuwa anafuta macho.

"Umecheza hivyo mara ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Woiye. Chep, sikiliza. Mgeni anachukua baada yako, si kabla. Na hachagui. Anabeba kile kilicho karibu na mfuko, kiwe kizuri kiwe kibaya. Kwanza unachagua wewe. Soma karatasi."

Chepkirui aliitoa karatasi ya maelekezo chini ya boksi. Hakuwa ameigusa hata mara moja, kwa kuwa kukagua maneno ya rafiki aliyemfundisha kwa moyo wake wote kwake kulionekana kama kumshuku. Ukurasa wa mwisho ulisema vile vile alivyosema Waiyego.

"Kwetu mgeni hapewi kilichobaki," alijitetea.

"Kwenu hata mgeni wa hewa anachinjiwa kuku." Kisha sauti ya Waiyego ikashuka. "Anti yako si anakuja leo?"

"Saa kumi."

"Utamwambia?"

"Nikishinda."

"Na usiposhinda?"

Chepkirui alipanga upya vipande ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. Waiyego alimtazama kutoka huko mbali, akasema tu, "Basi anza upya. Na uchague kwanza," akaaga akalale.

Akaanza upya. Saa ilikuwa tisa kasoro dakika tano.

Mara ya kwanza mkono wake uliingia katikati ya meza kwa woga, kama unaingia kwenye sahani ya mtu. Alichukua mistari ya kijani. Kisha mgeni akabeba cha karibu na mfuko, madoa mekundu, na hakuna kilichotokea. Hakuna aliyekasirika. Alichukua tena. Kufikia raundi ya tisa Mvivu alikuwa amelala kwenye majani. Raundi ya kumi na nne Madam alifuata. Vifungo viwili, kisha cha tatu. Nje mawingu yalikuwa yameshuka kama kawaida ya mwezi wa saba, na baridi ikaingia chini ya mlango, lakini hakunyanyuka kutafuta sweta. Alikuwa na mistari minne iliyoshikana. Nafasi ya tano ilikuwa wazi katikati, imezungukwa, inangoja. Raundi tatu zimebaki. Alifunua kipande kipya kutoka mfukoni: mistari ya buluu.

Akanyoosha mkono, na mlango ukagongwa.

Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Nimewahi," alisema Shangazi Jepkosgei akiingia na baridi yake yote, koti limefungwa mpaka kidevuni. "Nimeona mvua inanifuata kutoka Cheptiret. Na huyu wa bodaboda amenipitisha kwenye kila shimo la Pioneer. Hakuruka hata moja. Chamgei, mama. Mbona umekonda?"

"Chamge, Anti. Karibu. Sijakonda."

Shangazi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na alikaa kwenye kochi jinsi alivyozoea kukaa ofisini, mkoba juu ya magoti. Chepkirui alimmiminia chai. Akajaza kikombe kupita kiasi.

"Na hii ni nini hapa mezani? Kazi ya shule?"

"Ni mchezo, Anti."

"Wa watoto?"

"Wangu."

Shangazi aliinua nyusi, akanywa. "Haya. Liko wapi? Nilikwambia ulifue."

Lilikuwa kwenye kiti, limefuliwa, limekunjwa mara nne. Chepkirui hakuhitaji kujibu, maana shangazi alikuwa ameshaliona, ameshalivuta, ameshaliweka mapajani juu ya mkoba. Alilipapasa kama mtu anayepima unga. "Linanukia vizuri. Mama mkwe atalia kesho, utaona."

Mchezo ulikuwa haujaisha. Hilo ndilo Chepkirui alilokuwa akiliwaza, amesimama na chupa ya chai mkononi. Hajashinda. Sharti alilojiwekea halijatimia, na kwa hiyo alikuwa na kisingizio kizima, safi, cha kunyamaza. Angesema sawa, angesindikiza blanketi mpaka barabarani, kisha angerudi kumaliza raundi tatu zake. Chupa ilikuwa nzito. Aliiweka chini.

"Anti, blanketi halitaenda."

Shangazi aliendelea kupapasa. "Halitaenda wapi?"

"Cheptiret. Litabaki hapa."

Sasa mkono ulisimama. "Jumanne uliniambia sawa."

"Nilikwambia sawa kwa sababu nimezoea kusema sawa. Nilikosea. Ningekupigia Jumatano nikaogopa. Naomba msamaha kwa hilo. Lakini blanketi linabaki."

"Kumbe unajua kusema." Haikuwa sifa. "Kwa hiyo unataka niaibike kesho, wakwe wamekaa, akina mama wanaimba, mimi nimesimama mikono mitupu?"

"Sitaki. Maduka mjini bado yako wazi. Twende wote sasa hivi, tuchague blanketi zito, zuri kuliko yote watakayokuwa nayo. Nikirudi nitalishonea ukingo kwa mkono, kama Kogo alivyonifundisha. Kesho asubuhi nitakuletea mwenyewe."

"Ukingo," Shangazi alisema.

"Ndiyo, Anti."

"Na mimi? Mimi ni binti yake. Nimemwogesha alipougua. Mimi alinipa nini?"

Swali hilo Chepkirui hakuwa amelitegemea. Lilitoka kwa sauti ndogo ambayo hakuijua kwa shangazi yake. Angeweza kulitoa blanketi wakati ule ule, kwa huruma tu. Tayari aliona mikono yake ikifanya hivyo. Akaishika mikono hiyo pamoja nyuma ya mgongo. Kisha akapiga magoti kando ya kochi, akafunua pembe moja ya blanketi.

"Hiki ni gauni lako la shule," alisema. "Kogo alinionyesha. Na hiki ni koti ulilovaa siku ulipoenda chuo cha ualimu. Uko humu sehemu nyingi kuliko sisi wote. Ukitaka kuliona, njoo siku yoyote, hata ukalale hapa nikufunike nalo. Lakini halitoki, Anti. Alinipa mimi, na wewe ulikuwepo."

Mabati ya jirani yalianza kupigwa na matone ya kwanza. Shangazi Jepkosgei alikitazama kipande cha gauni kwa muda mrefu. Kidole chake kikahama polepole, kikavuka vyekundu, kikafika kwenye kijivu.

"Hivi vya kijivu," alisema. "Miaka yote nimejiuliza ni mtoto gani aliyekaa akachagua hivi."

"Hakuna aliyevichagua. Vilibaki."

Shangazi alivuta pumzi puani, vile alivyofanya zamani mbele ya darasa lenye kelele. Akalikunja blanketi mara nne, akasimama, akalirudisha kwenye kiti. Hakulirusha, lakini pia hakuliweka kwa upole sana.

"Sijafurahi," alisema. "Ujue hivyo."

"Najua, Anti."

"Vaa viatu. Na ukinichagulia blanketi la kunyonyoka manyoya nitarudi hapa na gunia nilibebe hili."

Chepkirui alicheka, nusu ya kicheko, akavuta sweta na kutafuta mwavuli nyuma ya mlango. Alipogeuka alimkuta shangazi ameinama juu ya meza, miwani kwenye ncha ya pua.

"Hivi vitatu vya katikati vinangoja nini?"

"Ni zamu yangu."

"Basi cheza twende, mvua hiyo."

Chepkirui alichukua mistari ya buluu. Hakuaga chochote. Alikiweka kipande katikati ya ile minne, kikaingia bila kusukumwa, kisha akamwinua Chifu na kumlaza juu ya mistari yake mitano.

"Na huyo mnene?"

"Anaitwa Chifu. Hapa ndipo anapolala sasa."

"Hm," alisema Shangazi Jepkosgei, akafungua mlango.

Raundi mbili zilikuwa zimebaki, na alama hakuzihesabu. Chepkirui alitoa kipande kilichokuwa karibu na mfuko, madoa mekundu, akakiweka kwenye rundo la mgeni, akafungua mwavuli na kumfunika shangazi yake kwanza.