Shamba Lililopotea kwa Adabu

Wengine huponzwa na mdomo mchafu. Domitila aliponzwa na adabu.

Irine alikuja Mutuka kutoka chuo kikuu kufanya utafiti wa wanawake na ardhi, kwa kuwa mashamba ya pembeni mwa Babati sasa yanakatwa viwanja. Mwenyekiti wa mtaa akamsindikiza mpaka kwa Domitila, na kaka mtu, Teodori, akavuta kiti akakaa nao. Irine akauliza lile shamba la mbaazi ni la nani.

"Ni la kaka yangu," Domitila akajibu.

Angejibu nini? Marehemu baba yao alimpa yeye, siku aliporudi kutoka kwa mume na mwanawe Remigius mgongoni, na Teodori alikuwapo. Lakini kwao mwanamke aliyelelewa hasemi "langu" mbele ya kaka yake na mgeni. Humpa kaka heshima, na kaka humwachia shamba. Waliishi hivyo miaka yote bila ugomvi.

Wanaume walipoondoka, alimsindikiza Irine hadi kwenye bodaboda akamweleza ukweli wote. Irine akamshika mkono. "Usiogope, Mama Remigius. Maneno yako hayatatoka kwangu."

Kumbe yale ya mwanzo yalikwisha kutoka. Mbaazi hazijakauka, Teodori akamleta mnunuzi wa viwanja. Domitila alipopiga kelele, kaka akacheka: "Si ulisema mwenyewe? Mwenyekiti ni shahidi." Na huyo ni ndugu wa tumbo moja!

Kesi ikaenda baraza la ardhi. Domitila akapanda bajaji hadi mjini, kwenye ukumbi ambako Irine alikuwa akiwasomea wakubwa matokeo ya utafiti wake, akamsubiri mpaka wakati wa chai.

"Shikamoo, Mama Remigius!"

"Marahaba. Njoo useme barazani niliyokuambia siku ile."

Irine akaweka kikombe chini. "Siruhusiwi, mama. Tuliahidi siri."

"Siri ya nani? Si yangu? Basi nimeifungua."

"Chuo hakitakubali. Nikitoa siri ya mmoja, kesho nani atanieleza ukweli?" Machozi yalimlenga, tena ya kweli, na hilo lilimchoma Domitila kuliko kebehi za kaka yake. "Lakini habari yako imo kwenye kitabu. Nimekubadilisha jina, hakuna atakayekutambua."

"Mwanangu, mimi nataka wanitambue."

Alhamisi baraza likaketi. Mwenyekiti wa mtaa akaeleza alichosikia kwa masikio yake, wala hakuongeza uongo hata kidogo. Domitila akaulizwa kama naye ana shahidi.

Akamnyoshea Teodori kidole. "Baba alipotoa shamba, huyu alikuwapo. Muulizeni."

Watu wakacheka. Wajumbe wa baraza wakamuuliza. Teodori akatazama viatu vyake, akasema hakumbuki, na kwa neno hilo shamba likaenda.