Mhina wa Mama Mkwe Kwenye Bakuli

Jana usingizi haujanikolea hata vizuri, nikaota mhina wa mama mkwe wangu unaniamkia.

"Shikamoo, baba," ukasema.

Nikaitikia marahaba, kisha aibu ikanishika. Mti ule ulipandwa kabla mke wangu hajazaliwa. Mimi ndiye wa kuuamkia. Nikafungua mdomo nirekebishe, lakini mkasi niliokuwa nimeushika ukanidakia.

"Achana na salamu," ukasema. "Tumekuja kukata."

Hapa nisimame kidogo nieleze, msije mkadhani nililala na njaa. Mama mkwe wangu, Bi Mwantumu, anakaa peke yake Muheza. Uani kwake kuna kichaka cha mhina ambacho mtaa mzima unakitegemea. Bibi harusi wa mtaa ule hapakwi hina ya paketi, ni mwiko. Shangazi zake huja uani, na Bi Mwantumu huwachumia majani kwa mkono wake mwenyewe. Sasa, miezi michache iliyopita aliteleza bafuni akaanguka. Mke wangu Zuhura alilia mpaka macho yakavimba, tukaamua kumhamishia kwetu Dar es Salaam, ghorofa ya tatu. Gari la mizigo lilikuwa lije asubuhi ya leo, nasi tukaja kulala kwake Muheza. Na ili asijione ameacha kila kitu nyuma, mimi kwa kiherehere changu nikajitolea kuung'oa mhina na kuufanya bonsai, ule mti unaopunguzwa mpaka unaenea kwenye bakuli na bado unaishi. Nilijifunza kwenye simu, kwa fundi asiyeonyesha sura, anaonyesha glavu tu.

Bi Mwantumu alikubali. Yaani alimwambia Zuhura aniambie "haya". Kwetu mkwe hamkabili mkwe. Nikiwa na neno nampa mke wangu, yeye analipeleka, na jibu linarudi kwa njia ileile. Tukikutana ukumbini, mimi natazama ukuta, mama anavuta khanga usoni. Hiyo ni adabu, nami nimeishika miaka yote ya ndoa bila kukosea, mpaka wakwe wa wenzangu wananisifia.

Haya, ndoto sasa.

Glavu za fundi zimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, zimekunja nne. Ndani hazina mtu.

"Kanuni ya kwanza," zinasema. "Tafuta uso wa mti. Kila bonsai ina mbele yake."

Nauzunguka mhina. Kila nikikaribia upande wa mbele, mti unavuta khanga. Khanga imetoka wapi, sijui. Nazunguka upya, nao unavuta tena.

"Siwezi kuutazama," nasema. "Ni mkwe wangu huyu."

"Basi kata bila kutazama," glavu zinajibu. "Wengi hufanya hivyo na mambo yanakwenda."

Nikageukia ukuta, mkasi nikaupeleka nyuma ya mgongo. Nilitamani kuuweka chini ule mkasi hata nifute jasho, lakini vidole vyangu vilikuwa vimekwama kwenye matundu yake, nao mkasi ukaniambia nisijisumbue, tutaachana kazi ikiisha.

"Kanuni ya pili. Ukipunguza mizizi theluthi, punguza na juu theluthi. Juu na chini vilingane."

Nachimba. Mzizi mmoja umeshika mguu wa kitanda cha Bi Mwantumu. Mwingine umepita chini ya ukuta hadi kwa jirani, Mama Kibibi, ukajizungusha kwenye mpini wa sufuria yake ya maharage. Naukata. Papo hapo Mama Kibibi anachungulia juu ya ukuta, mwiko mkononi.

"Nani kakata? Nilikuwa naongea na mwenzangu!"

"Samahani, mama. Tunahama."

"Mnahama na maneno yangu yamefika katikati? Nilikuwa namwambia maharage yameungua, sijafika kwenye nani aliyeungua."

Nikaendelea kukata, maana kusimama ilikuwa vibaya zaidi. Mzizi uliporuka, nyumba nzima ikapungua theluthi. Bati likanigusa kisogo. Mtungi ukawa kikombe. Jogoo alifungua mdomo kuwika, ikatoka "koko" tu, akaniomba radhi.

Zuhura akatokea mlangoni, ameinama kwa sababu mlango umemfika kifuani. Alikuwa anaukunja ukuta wa sebule kama anavyokunja shuka, ncha kwa ncha, na kuutia kwenye boksi.

"Baba Nuru, bado tu? Gari linakuja."

"Mama kasemaje?"

"Kasema haya."

"Kasema kwa mdomo wake?"

"Mbona unanitia wasiwasi? Nimemwambia kwa niaba yako, naye kaniambia kwa niaba yake. Ulitaka ya namna gani tena?"

Aliniachia boksi moja, lilikuwa jepesi, limeandikwa "Uani".

"Kanuni ya tatu," zikasema glavu. "Mti uonekane mzee."

"Lakini mimi ni mzee," mhina ukasema nyuma yangu.

"Uonekane," glavu zikasisitiza. "Tawi linalokataa lifunge waya, ulipinde unakotaka wewe. Usibane sana."

Nafunga. Naanzia chini napanda juu, mzunguko baada ya mzunguko, macho yangu ukutani. Tawi ni la moto. Linadunda. Mahali fulani nagusa bangili, naipita.

"Naumiza?" nauliza ukuta.

"Haya," unajibu mti.

Naongeza mzunguko.

"Na hapo?"

"Haya."

Napinda. Kitu kinalia kidogo ndani ya tawi, nami nimeshazoea, napinda tena. Niseme kweli, nilisikia fahari. Kazi ilikuwa inakwenda kama kwenye simu.

Nilipoinua kichwa, tuko Dar es Salaam kwenye balkoni yetu. Hakuna aliyesafiri. Mhina uko kwenye bakuli, kimo cha chupa ya chai, umepinda vizuri, na chini yake kuna zulia la ukoga wa kijani alilolitandaza mtu mwenye subira. Glavu zinapiga makofi, na kwa kuwa ni zenyewe kwa zenyewe, haziachi.

Mlango unagongwa. Ni wanawake wa mtaa wa Mama. Foleni yao inaanzia Muheza, inapanda ngazi zetu zote, mbele kabisa yuko bibi harusi amefunikwa, viganja wazi.

"Tumekuja kwa hina," anasema shangazi yake.

Nikatazama bakuli. Majani yaliyobaki yangetosha kidole kimoja, na kidole chenyewe kiwe cha mtoto.

"Mjomba, nipake kipi?" bibi harusi anauliza kwa upole. "Na miguu je? Mume wangu ataniona sijaolewa."

"Ngoja nimuulize Mama," nikasema. "Yeye ndiye anayejua. Zuhura, Mama yuko wapi?"

Zuhura alikuwa anamwagilia maji kwa kijiko cha chai.

"Si huyo hapo."

Akaonyesha bakuli. Ndipo nikagundua hakuna mti. Bi Mwantumu amesimama kwenye udongo mpaka vifundo vya miguu, kimo cha chupa ya chai, khanga usoni, mkono mmoja umefungwa waya ukapindwa kwa ustadi kuelekea sebuleni. Wageni wakawa wanapita mmoja mmoja wanamtazama.

"Amependeza," anasema wa kwanza.

"Hasumbui hata kidogo," anasema wa pili. "Wangu mimi anakula sana."

"Mnamweka juani?" anauliza wa tatu, na Zuhura anamjibu kwamba asubuhi tu.

Nilitaka kupiga kelele. Koo lilikuwa limepungua theluthi.

"Mama," nikasema, nikitazama ukuta.

"Mimi si mama yako," ukuta ukajibu, tena kwa ukali. "Miaka yote unanisemesha mimi. Hebu geuka."

Nikageuka. Shingo ililia kama bawaba ya mlango uliosahaulika. Bi Mwantumu akaishika khanga kwa mkono usiokuwa na waya, akaishusha, midomo ikafunguka. Lilikuwa linakuja neno, na nililiona kabisa kwamba halikuwa "haya".

Nikaamka.

Shuka lilikuwa limenizunguka miguu. Kulikuwa kumepambazuka. Zuhura alilala kando yangu, maboksi yamepangwa ukutani, na mkasi wa bustani uko dirishani nilipouacha jana, kimya kama mkasi. Nje nilisikia ufagio.

Nikatoka uani. Bi Mwantumu alikuwa anafagia chini ya mhina, amenipa mgongo. Mhina ulikuwa mzima, umejaa majani mpaka kwenye ukuta wa Mama Kibibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Khanga ikapanda usoni. "Zuhura bado hajaamka?"

Hiyo maana yake, neno lako mpe mkeo. Miguu yangu ilishaanza kugeuka yenyewe kwa mazoea. Nikaizuia.

"Simtafuti Zuhura. Nakutafuta wewe, mama."

Ufagio ukasimama. Nikamtazama yeye, si ukuta.

"Unataka kuhama?"

Nyuma ya ukuta, Mama Kibibi alinyamazisha vyombo vyake. Niliona khanga ya mama mkwe wangu ikivuta pumzi na kuitoa.

"Sitaki, baba," akasema. "Toka siku ile ya kwanza sitaki."

"Na kuanguka?"

"Kuanguka nilianguka. Nilitaka tu kitu cha kushikia, pale ukutani bafuni. Bomba, hata kipande cha mti. Nikamwambia Zuhura akuambie. Akasema ataniletea yeye siku akija, maana mkwe hatumwi kazi. Kisha nikasikia nahamishwa. Nikasema wameshaamua, nitawapingaje wanaonipenda?"

Mtu kakaribia kung'olewa uani kwake kwa sababu mimi na yeye tumeheshimiana.

"Nionyeshe pa kuliweka hilo bomba," nikasema.

Akauinua mkono kuelekeza bafuni, juu ya beseni, na khanga ikateleza hadi begani. Kuanzia kwenye bangili kupanda hadi kiwikoni kulikuwa na alama nyembamba, imezunguka ngozi mzunguko baada ya mzunguko, ikianzia chini kwenda juu.

"Mama, mkono umefanya nini?"

Akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, akausugua kwa kidole gumba.

"Usiku uliniuma," akasema. "Nikadhani nimeulalia vibaya."