Injini ya Lori Namba Saba

Jumatatu ya tarehe kumi na nne Novemba, mwaka tisini na nne, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Asubuhi mafundi wa gereji ya ushirika, hapo Songea mjini, waliitwa uani wakaambiwa kazi imekwisha. Sasa ni soko huria, akasema meneja, Bwana Urban, huku akifuta jasho kwa kitambaa cheupe. Huria kwa nani, hakusema. Ushirika hauna fedha, kwa hiyo kila fundi atachukua kitu, hicho ndicho kiinua mgongo chake. Aidan akapewa mashine ya kuchomelea. Otto, aliyelala chini ya magari miaka kumi na tisa, akapewa lori namba saba.

Otto nusura apige magoti. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Mbinga aliyekuwa akitafuta lori, na alisema wazi yuko tayari kulipa kwa mabati. Otto hakuwa na haja nyingine duniani ila mabati. Nyumba yake ya Bombambili ilisimama kuta tupu, matofali mabichi aliyoyafyatua marehemu mkewe, Kunegunda, mwenyewe, huku anakohoa. Na wingu lilikwisha kukaa juu ya milima ya Matogoro. Mvua ikizikuta kuta zile wazi zitarudi kuwa tope, na kazi ya mikono ya Kunegunda itakuwa imekwisha kama haikuwahi kuwapo.

"Ahsante sana, Bwana Meneja," akasema. "Na injini yake itarudi lini kutoka Iringa?"

Bwana Urban akamtazama kama mtu anavyomtazama mlevi. "Injini ipi?"

"Si ile niliyoishusha mimi. Ulisema inakwenda kuchongwa silinda."

"Mzee Otto, hapa tunagawa kilichopo. Na kilichopo ndicho hicho unachokiona."

Nyuma ya Otto, Aidan akapiga kofi paja lake. "Funga ng'ombe wanne wakukokotee, kaka! Wakikosekana, fugia kuku humo!" Mafundi wakacheka, kile kicheko cha watu waliotoka kuzika.

Kuku! Neno hilo lilimchoma. Mwezi uliopita Bwana Urban alimfuata hadi nyumbani, siku ya Jumamosi, na maneno yake laini: injini ya namba saba itoke kabla ya Jumatatu. Jumapili hiyo ilikuwa misa ya mwaka mmoja tangu Kunegunda afariki. Otto akaiacha misa, akashinda chini ya lori na minyororo, jioni akalipwa kuku jike mmoja. Naye akashukuru. Wakubwa wetu ndivyo walivyo: wanakukata mkono, kisha wewe unawashika wao mkono kuwashukuru.

Akaondoka uani kwa miguu, spana mbili mfukoni. Karibu na Bombambili akakuta lori la buluu, rangi bado inang'aa, limejaa magunia ya mahindi, boneti wazi. Dereva, kijana aitwaye Remmy, alikuwa akiitukana injini kama inasikia.

"Shikamoo, baba! Wewe si fundi wa ushirika? Mungu kakuleta. Limezima! Tangu Mshangano linanisumbua, na mvua hiyo inakuja, mzigo utalowa!"

"Marahaba," akasema Otto, na mikono ikatangulia kabla ya akili. Akapanda bampa. Hewa ilikuwa imeingia kwenye bomba la dizeli. Akalegeza nati, akapampu mpaka mapovu yakakoma, akaikaza. Ndipo macho yake yakaangukia pale pa kumiminia oili.

Kifuniko kilikuwa cha mti wa mninga. Kimezungushiwa kipande cha kanga nyekundu.

Kile cha chuma cha injini ya namba saba kilipotea zamani huko njia ya Tunduru, na hiki Otto alikichonga kwa kisu, nyumbani, mlangoni. Kanga aliichana Kunegunda. "Chukua," alimwambia akicheka, "lakini nguo yangu hiyo. Ikipotea na lori lenu, utaninunulia mpya."

"Lori la nani hili?" Otto akauliza.

"La Bwana Urban. Meneja wenu, baba! Lina wiki mbili tu barabarani."

Remmy akaruka kwenye usukani, akapiga stata. Injini ikakohoa mara mbili, kama ilivyozoea, ikawaka. Tone la kwanza likaangukia injini ya moto, likatoa mvuke. Kisha la pili, kisha mengi. Otto hakushuka. Kidole chake kilikuwa kwenye ile kanga.

Remmy akashuka mbio, amefurahi, mkono tayari mfukoni.

"Haya, fundi wangu, sema haraka nisilowe. Unanidai shilingi ngapi?"