Ufunguo Mikononi mwa Mtani

Tangu abakiwe na miezi michache kumaliza mkataba, Abdulswamadu alikuwa halali vizuri wala hali vizuri, na hakumwamini mtu yeyote aliyelikaribia Fuso lake. Aliliita lake, ingawa kadi ya gari ilikuwa bado na jina la Mudrick, tajiri wa Kibiti. Ndivyo mkataba ulivyo: dereva anatoa kianzio, kila Ijumaa anapeleka hesabu ya wiki, matairi juu yake, fundi juu yake, na akivumilia hadi mwisho, kadi inabadilishwa jina. Akivunja sharti moja, gari linarudi kwa mwenyewe, na yote aliyolipa yanageuka kodi.

Kianzio chake kilikuwa shamba la mikorosho la mkewe, Nasra, kule Mkongo, urithi aliouachiwa na baba yake. Nasra aliliuza bila kugomba. Alisema tu, "Baba Warda, nimekupa kilichokuwa changu. Usije ukaniletea hadithi." Maneno hayo Abdulswamadu alisafiri nayo kila alikokwenda, na hakuna siku aliyoyasahau.

Na hofu yake haikuwa ya bure. Sijaona, dereva mwenzake wa Ndundu, alinyang'anywa gari akiwa ameshaanza kuwaalika watu kwenye dua ya kulipokea. Mwingine, wa Ikwiriri, alichelewesha hesabu Ijumaa moja tu, mtoto akiwa hospitali, na gari likaenda. Wote walikuwa madereva wa Mudrick, na ajabu ni kwamba wote walikosea mwishoni, hakuna aliyekosea mwanzoni. Mudrick mwenyewe alikuwa mtu wa tasbihi na tabasamu, kila dereva akimwita "mwanangu". Sijui wengine, lakini mimi tajiri wa namna hiyo ningemtazama mikono, si meno.

Kwa hiyo Abdulswamadu alikuwa macho. Alitia alama ya chaki kwenye kila tairi ili ajue kama limebadilishwa. Alinusa dizeli kabla ya kuwasha. Alilala ndani ya kichwa cha gari, magoti kifuani, na hakutaka tena utingo. Zamani alikuwa naye mmoja, Badru, kijana wa Mtunda, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi yote mpaka namna ya kufunga turubai kwa fundo lake mwenyewe: kamba inazungushwa, mkia unapitishwa chini, unavutwa kushoto. Hakuna dereva mwingine Kibiti aliyefunga hivyo. "Fundo langu likiguswa, najua," alikuwa akijisifu. Kisha Badru akahamia yadi ya Mudrick, kuosha magari na kutumwa huku na kule, na tangu siku hiyo Abdulswamadu alimhesabu kuwa adui.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mjomba wake, Mzee Sikujua, alifariki huko Mtunda. Abdulswamadu alikuwa njiani na magunia ya nazi kutoka vijiji vya deltani. Hesabu ilikuwa mfukoni, na ilitakiwa imfikie Mudrick kabla ya alasiri. Angeweza kupita moja kwa moja, lakini mpwa asiyemzika mjomba wake atamtazama nani usoni? Aliegesha kando ya barabara, akabadilisha nguo, akaingia msibani.

Ukoo wao ni Wamatumbi walioshuka milimani enzi za babu, na watani wao hapo Mtunda ni Wandengereko. Mtani wao mkubwa alikuwa Bi Sihaba, mjane mwenye maneno, na huyo ndiye mama yake Badru. Asubuhi ile alikuwa ameshavaa koti na kofia ya marehemu, anachechemea kama alivyochechemea Mzee Sikujua, anawadai waombolezaji madeni ya uongo. Jeneza lilipotoka alilizuia mlangoni mpaka akapewa chochote. Watu walilia huku wanacheka. Ndiyo kazi ya mtani: siku ya msiba anasema atakalo na anachukua atakacho, unamgomboa kwa kitu kidogo, na hukasiriki.

Wanaume walipokwenda makaburini, wanawake walibaki nyumbani kama ilivyo ada. Kaburini Abdulswamadu alitupa macho kwenye safu. Badru, aliyekuwapo wakati wa kumswalia maiti, hakuonekana.

Udongo wa mwisho ulipowekwa na dua ikaitikiwa, alirudi karibu mbio. Alikagua chaki, zote zilikuwapo. Akanusa dizeli, akaingia chini ya gari na kanzu yake nyeupe, akapapasa mipira ya breki, akatoka mchafu. Turubai alilitazama tu kwa jicho. Fundo lilikuwa lake, mkia kushoto. Hakuona kosa popote, na hilo lenyewe lilimtia wasiwasi zaidi.

Alipokaa kula, aliweka ufunguo kwenye mkeka ili anawe mikono. Bi Sihaba akaunyakua.

"Huu ushakuwa wangu!" alipiga kelele, akauzungusha juu kwa kamba yake. "Mmatumbi weye, babu yako alishuka mlimani kwa miguu, leo wewe una gari! Nigomboe!"

Watu walicheka. Abdulswamadu naye akajilazimisha, akatoa noti. "Shika, mtani. Nina safari."

"Pesa sitaki miye. Nataka nazi. Nenda kafungue turubai, nichague mwenyewe."

"Nitakuletea nikirudi."

"Mie sikopeshi wapanda milima! Fungua turubai sasa hivi, mbele ya watu wote hawa, waone alichobeba mpwa wa marehemu."

Wakati huo Badru alikuwa amerudi. Alisimama penye kona ya jiko, mikono mfukoni, na katika watu wote pale yeye peke yake alikuwa hacheki. Abdulswamadu alimtazama mwana, akamtazama mama, akalitazama jua lililokwishavuka utosi. Ndipo akili yake ikafunga hesabu: wametumwa. Mudrick anataka nichelewe, na huyu bibi ndiye kizuizi.

"Nipe ufunguo, Bi Sihaba."

"Fungua turubai, mtani." Alikuwa ameacha kucheza. Sauti ilishuka, na macho yake hayakugeuka hata mara moja upande wa jiko. "Fungua tu. Nakuomba."

Mtani haombi, mtani anadai. Abdulswamadu alikuwa ameishi na utani tangu utotoni na hilo alilijua vizuri, lakini siku ile masikio yake yalikuwa Kibiti, kwa Mudrick. Alisimama, akamkamata yule mama mkono, akamkunjua vidole kwa nguvu mpaka kimoja kikalia. "Kamwambieni aliyewatuma," alisema, "miye siibiwi mchana kweupe. Mchawi mkubwa weye!"

Mama yake mdogo, Mwanasiti, alijishika kichwa. "Abdulswamadu! Mtani hakasirikiwi!" Lakini alikuwa ameshafika garini. Kwenye kioo alimwona Bi Sihaba amesimama barabarani, kofia ya marehemu imemwanguka, kidole amekishika kwa mkono mwingine.

Alipoiacha Mtunda nyuma, alijisikia mwepesi. Aliimba kidogo. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliona amemshinda mtu, akajiona tayari anamkabidhi Nasra kadi ya gari na kumwambia, haya, hadithi ni hii.

Karibu na Kibiti palikuwa na kizuizi cha askari wa misitu. Alikijua, na hakuwa na wasiwasi nacho. Askari aliuliza amebeba nini, akajibu nazi. Akaambiwa afungue. Alishuka mwenyewe na kulifungua fundo lake, tena kwa madaha, akalivuta turubai.

Juu ya magunia zililazwa boriti za mikoko, mti usiokatwa bila kibali, zimepangwa vizuri, bado zina tope bichi la delta.

Abdulswamadu aliushika mkia wa kamba mkononi, ule mkia wa kushoto, akakumbuka ni nani mwingine ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuuvuta hivyo. Ng'ambo ya barabara mlango wa gari dogo ulifunguliwa. Mudrick alikuwa ameshafika kabla yake, tasbihi kiganjani, anatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mwanangu," alisema, "umeniangusha."

Sharti alilijua kwa moyo: gari likikamatwa na magendo, mkataba umekufa. Alieleza, akaapa, akalia mbele ya askari ambao walikuwa wanafanya kazi yao na walishasikia viapo vingi kuliko hicho. Mwenye gari alilipa faini, akaondoka na gari lake. Abdulswamadu alilala mahabusu siku kadhaa mpaka Nasra alipokuja na ndugu kumdhamini. Nasra alimpa ndala zake, akatangulia. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Nyumbani hakukalika. Kukicha alichukua kuku mweupe, faini ya aliyevunja utani, akapanda bodaboda mpaka Mtunda. Hakwenda kumtafuta Badru, maana akimtia mikononi angemuua. Alikwenda kwa yule mama.

Bi Sihaba alikuwa uani anamenya muhogo, kidole kimefungwa kitambaa. Alimpokea kuku, akamweka chini bila kumtazama.

"Uliona," alisema Abdulswamadu.

"Niliona. Nyie mmekwenda kuzika, sie tumebaki. Nilitoka kuchukua kuni, nikaona wanapakia toka kwenye gari jingine. Nikaona na anayefunga kamba."

"Sasa mbona hukunambia?"

Kisu kilisimama. "Nikwambieje? Nisimame mbele za watu, nimtaje mwanangu wa kumzaa, apelekwe jela? Nikuite pembeni, na yeye kakaa kunitazama? Mtani anaruhusiwa kusema lolote, Abdulswamadu. Nikasema. Nilisema fungua turubai mpaka koo likanikauka. Mtani mwenzio anakuchezea, weye unamwita mchawi."

Abdulswamadu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Watu wote alikuwa amewachunguza, tajiri, utingo, matairi na dizeli, na mtu mmoja aliyetaka kumwokoa ndiye aliyemvunja kidole.

"Nisamehe, mtani."

"Nimepokea kuku wako, yamekwisha." Akaendelea kumenya.

Mara honi ililia barabarani. Abdulswamadu aliijua kabla ya kugeuka. Fuso lilipita taratibu, limeoshwa linang'aa, na Badru alikuwa nyuma ya usukani, kiwiko nje ya dirisha. Alipomwona aliyekaa kwa mama yake, aliondoa kiwiko, akakanyaga mafuta.

"Kapewa?"

"Kapewa kwa mkataba," alisema Bi Sihaba. "Ndiyo malipo yake. Kauza na lile eneo la nyuma, la babaake, apate kianzio. Anasema tajiri anamwita 'mwanangu'."

Abdulswamadu alitaka kucheka. Alitaka kusema anastahili, na mengine mabaya zaidi, na alikuwa na haki ya kuyasema. Lakini mama yule alikuwa ameweka kisu chini, anaitazama barabara gari lilikopita.

"Na weye ni mtani wake," alisema. "Hata umchukie, ni mtani wake. Akikaribia kumaliza, Abdulswamadu, sijui nitakuwa hai au nitakuwa nimekufa. Njoo umpokonye ufunguo. Akitukana usiurudishe."

Alimsukumia upande wa pili wa ungo na kisu kingine. Abdulswamadu alichukua muhogo, akaanza kumenya. "Nitakuja," alisema.